Kipimo cha Haki katika Vyombo vya Sauti

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetuamrisha haki katika kila kipimo, na rehema na amani zimfikilie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu wa Lukozi na wa Lushoto nzima, hakuna kati yenu asiyeijua lumbesa. Mkulima huleta viazi vyake, mnunuzi akalijaza gunia hata likaota kichwa, kisha akalipa bei ya gunia moja. Tumeilalamikia dhulma hii miaka mingi, na sheria ya vipimo imekataza gunia kupita kilo 100. Haki iko upande wetu. Walakin leo nawauliza: hiyo lumbesa tuichukiayo tuuzapo viazi, je, sisi wenyewe hatuifanyi tuuzapo vitu vingine?

Ingieni katika duka la redio na sabufa. Mbele ya chombo mtaona pameandikwa kwa herufi kubwa wati 5,000, na kando yake herufi ndogo, PMPO. Kigeuzeni, na huenda mkaona nyuma kibandiko kidogo kisemacho ya kuwa chombo hicho hula wati 60 za umeme. Basi kitatoaje mfululizo kingi kuliko kinachokila? Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja ya LUKU. Lau chombo kile kingalitoa wati 5,000 kweli, kingalimaliza yuniti tano na zaidi kila saa, na mwenye nyumba angalikimbia!

Jueni ya kuwa PMPO ni nguvu ya kilele, na haina kanuni moja ya kuipimia; kila mtengenezaji hupima apendavyo. Nguvu ya kutegemewa ni ile ambayo chombo huweza kuitoa mfululizo pasipo sauti kuharibika, nayo kwa desturi huandikwa RMS.

Msiseme haya ni madogo. Nakijua kijiji kimoja katika milima yetu hii, ambacho watu wake walichangishana kununua amplifaya ya msikiti. Mwenye fedha alitoa fedha, na mama asiyekuwa nayo alileta debe la maharagwe. Walinunua iliyoandikwa wati 1,000, wapate kusikiwa hata ng'ambo ya bonde. Alfajiri ya kwanza sauti ilikoroma, na wa ng'ambo hawakutambua neno. Na kabla ya mwezi kwisha chombo kiliungua. Walipomrudia muuzaji, naye ni mtu wa safu ya mbele katika sala, aliwajibu, "Mimi sikuandika. Walioandika ni wa kiwandani."

Jawabu hili limekwisha kujibiwa tangu zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, akakuta chini yake maji. Muuzaji alitoa udhuru ya kuwa mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuificha rutuba chini watu wasiione, akamwonya ya kuwa mwenye kughushi si katika wenzetu. Basi wewe pia, ewe muuzaji, huulizwi kwa nini kiwanda kiliandika. Waulizwa kwa nini ulijua ukanyamaza, ukapokea debe la maharagwe la yule mama.

Na kama utasema, "Lakini kilele hicho chaweza kuwa cha kweli," basi litazame suala la mnyama asiyekamwa. Palikuwa na watu waliomwacha ngamia au mbuzi siku kadha pasi na kumkama, kiwele kijae, mnunuzi adhani ndiyo desturi yake. Mtume alikataza, akampa mnunuzi khiyari: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakama. Fikirini, ndugu zangu: maziwa yale yalikuwa maziwa kweli, wala hayakutiwa maji. Uwongo ulikuwa katika kumfanya mtu adhani ya siku nyingi kuwa ni ya kila siku. Na wati za kilele ndicho kiwele hicho. Huenda chombo kilizitoa kwa kupepesa jicho. Lakini mwadhini haadhini kwa kupepesa jicho.

Marekani iliweka kanuni juu ya nguvu za amplifaya za nyumbani mwaka 1974, ikaikaza mwaka 2024. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi. Lakini mcha Mungu hangoji askari wa serikali.

Basi ewe muuzaji, msomee mnunuzi kibandiko cha nyuma kabla hujapokea fedha yake, na akirudi na aibu uliyomficha, mrudishie mali yake. Nawe mnunuzi, usinunue kwa macho. Kigeuze chombo. Ukiona kinatumia adapta ya volti 12 na ampia 2, zidisha: ni wati 24, wala hakiwezi kutoa zaidi mfululizo. Uliza RMS, na kifungulie sauti pale pale dukani.

Sura ya 83 ya Qur'ani imeitwa kwa jina la wapunjao. Haikumlaumu mtu kwa kudai haki yake itimie. Ilimlaumu kwa kuidai yake timamu na kuikata ya mwenziwe. Tukiilia lumbesa asubuhi, kisha jioni tukauza wati zisizokuwapo, hakika ni sisi tunaoambiwa.

Ewe Mola wetu, tutakasie chumo letu, utupe ulimi wa kweli dukani kama utupavyo msikitini. Amin.