Huruma ya Msafiri

Katika likizo niliyoitumia Omani nilipata siku moja iliyojaa mambo mengi kuliko mwezi mzima wa nyumbani, na tangu siku hiyo nina swali ambalo sijaweza kulijibu. Nawaletea ninyi, wasomaji vijana, kwa kuwa vijana huuchukia ukatili upesi kuliko sisi watu wazima.

Tuliondoka Maskati kabla ya alfajiri, siku ya Ijumaa. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, ambaye Kiswahili chake kilinitia haya mimi ninayekifundisha. Asubuhi na mapema tukafika Nizwa, mji wa kale, ambako kila Ijumaa huwa na mnada wa mifugo. Wenye mbuzi huwatembeza kwa kuzunguka duara, wanunuzi wamesimama ndani na nje ya duara hilo, na bei hutajwa kwa kelele katikati ya vumbi. Kutoka hapo tukaenda ngomeni.

Ngome ya Nizwa ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Mnara wake ni wa mviringo, mnene kama kilima, na njia ya kupandia juu ni ngazi nyembamba yenye kona na milango. Juu ya milango pana matundu. Kipo pia chumba ambamo magunia ya tende yalirundikwa hata asali yake ikachuruzika katika mifereji ya sakafu. Asali hiyo ilichemshwa, na adui aliyefika mlangoni alimwagiwa kichwani kupitia tundu. Nilipoelezwa hayo nilicheka kwa kustaajabu. Nikapiga picha, nikasema, "Hawa walikuwa na akili!" Kisha tukashuka kwa haraka, maana saa zilikuwa zinakwenda.

Ya adhuhuri nayapita: swala ya mwenyeji wangu, sahani ya wali, na mwendo mrefu wa gari hadi Barka, mji wa pwani, ambako alasiri kulikuwa na mchezo wa mafahali.

Mchezo huo si ule wa Uhispania. Hakuna mtu mwenye upanga, wala fahali hauawi. Mafahali wawili huachiwa uwanjani, wakasukumana kwa vichwa mpaka mmoja arudi nyuma au akimbie, ndipo watu huvuta kamba kuwatenganisha. Mshindi hupata sifa, na bei yake hupanda. Kenya nasi tunao mchezo wa jamaa hii, kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na wenyeji wa huko wamekwisha kuulizwa na wageni mara nyingi kama hawana huruma. Jioni ile mgeni nilikuwa mimi. Fahali mmoja mweusi alichanika karibu na jicho, damu ikamtiririka mpaka puani, naye akazidi kusukumwa hata magoti yakamlegea. Nikageuza uso. Nikasema, "Mzee wangu, huu ni ukatili."

Hakukasirika. Aliniuliza, "Mwalimu, asubuhi ulicheka. Kwani asali ya moto haiunguzi?"

Nilijibu kwamba yale yalikuwa ya zamani. Akataka nimweleze ni baada ya miaka mingapi maumivu ya mwanadamu hugeuka kuwa kichekesho. Nikasema adui alikuja mwenyewe, bali fahali hakuulizwa. Hoja hii naiona ina nguvu hata leo, lakini haitoshi, maana askari wengi katika vita vya dunia hawakuulizwa vilevile. Walisukumwa kutoka nyuma. Ukweli ulionitia aibu ni kwamba damu ya fahali niliiona kwa macho yangu, na ngozi iliyobabuka ya adui nilihadithiwa tu. Huruma yangu ilifuata jicho. Jicho lilipokosa la kuona, huruma ililala. Na msafiri anayepitishwa mahali patatu kwa siku moja, ana nini kingine cha kuhukumia?

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mchezo ule ni mwema kwa sababu tundu la ngome ni baya zaidi. Pengine mambo yote mawili ni mabaya. Nasema kwamba nilikuwa mwepesi wa kuwahukumu watu walio hai, ambao nilikaa nao saa moja tu na sikumwuliza hata mmoja wao jinsi alivyomlea fahali wake. Na kwa waliokwisha kufa sikuwa na neno ila sifa. Kama saa moja haikunitosha kulaumu, basi nusu saa ya ngomeni ilinitoshaje kusifu?

Usiku, tuliporudi Maskati, nilifungua daftari langu la safari. Mbele ya jina la ngome nilikuwa nimeandika "ufundi", na mbele ya mafahali, "ukatili". Nilikaa na kalamu mkononi mpaka taa za jirani zikazimwa, sijui ni neno lipi la kufuta.