Mti wa Gundi na Mti wa Rangi

Siku moja tuliwaambia watoto wa shule wachore mwembe ulio mbele ya kanisa. Wengi walichukua rangi na brashi. Mmoja alikwenda chini ya mwembe wenyewe, akaokota vipande vya gome, akachuma majani machache, akavibandika vyote juu ya kartoni. Chini alisugua udongo mwekundu uwe ardhi, na matawi akayachora kwa makaa. Sisi tukamnyima alama. Tulimwambia: «Hukuchora, umebandika tu. Huo ni udanganyifu.» Mtoto hakujibu, akarudi mahali pake.

Neno lile limetusumbua tangu siku ile, nasi twataka kulipima mbele yenu. Kudanganya ni nini? Ni kumfanya mwenzako aamini lisilo kweli. Basi, nani aliamini kwamba kartoni ile ni mwembe? Hakuna ndege aliyekuja kutua. Tena, tukitaka kuwa wakali, ni wale wenzake waliokaribia uwongo zaidi, kwa maana walitwaa rangi ya dukani wakaifanya ionekane kuwa gome. Yeye alileta gome lenyewe.

Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Mwaka 1912 mchoraji Mfaransa Georges Braque alinunua huko Avignon karatasi ya kupamba kuta, iliyopigwa chapa ifanane na ubao wa mwaloni. Akaikata, akabandika vipande vyake katika mchoro wa makaa. Karatasi ile ilikuwa kitu halisi, hakuichora yeye, hata hivyo ilisema «mimi ni ubao», wala haikuwa ubao (ingawa karatasi nayo huweza kutoka katika mti!). Kwa hiyo kubandika kitu halisi si kusema kweli sikuzote. Kipande cha gome, kikubwa kama kiganja, kiliwekwa kisimame mahali pa shina zima. Gome halikuamua hivyo. Aliyeamua ni mtoto. Na kuamua huko, twaona sasa, ndiko kuchora.

Sisi wa Katanga hatukuwa na udhuru wa kutolijua jambo hili. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Humo Bela alichora kwa ncha za vidole, majani ya miti yake yakawa alama za vidole vyake mwenyewe. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi, Pilipili Mulongoy kwa nukta. Nani angethubutu kumwambia Bela kwamba kidole si brashi? Sisi tulithubutu kumwambia mtoto kwamba gundi si rangi.

Tukiri na jambo jingine. Baada ya majuma machache majani yaliyobandikwa yalikauka, yakajikunja, na moja likaanguka. Miti ya wenzake ilikuwa ingali ya kijani ukutani. Moyoni tulifurahi kidogo, tukidhani hukumu yetu imethibitika. Kisha tukatazama nje dirishani: chini ya mwembe palikuwa na majani makavu ya kujaza kikapu.

Tulimwita mtoto, tukamwomba radhi mbele ya wenzake, tukampa alama zake. Yeye aliuliza neno moja tu: je, yafaa kubandika jani bichi mahali pa lile lililoanguka? Hatujamjibu bado.