Je, Gitaa la Debe Lafaa Ibadani?

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama Temeke na Kinondoni, huonekana vijana wapigao magitaa waliyoyaunda kwa mikono yao. Tumbo la gitaa ni debe la mafuta ya kula, shingo ni kipande cha ubao, na nyuzi ni waya zilizochambuliwa katika breki ya baiskeli. Wako Wakristo wasemao kwamba chombo cha namna hii ni mchezo wa watoto, wala hakistahili kuingia kanisani. Neno lao si la kudharauliwa, kwa maana mtu hampakulii mgeni mheshimiwa katika kifuu, na nabii Malaki aliwakemea waliotoa sadaka yenye kilema.

Lakini kilema cha gitaa ni nini? Kitabu cha Kutoka chatoa vipimo vya sanduku la agano, na mti wake, na dhahabu yake. Zaburi ya 150 yataja zeze, kinubi na matoazi, wala haisemi viwe vya mti gani au vya umbo gani. Mwaka 1862 fundi Mhispania, Antonio de Torres, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso wake tu ukiwa wa ubao mzuri, apate kuonyesha kwamba sauti yatoka hasa usoni. Na huko Kinshasa, Roger Landu aliunda chombo cha kopo na waya mmoja, akakipiga hata Ulaya pamoja na kundi la Staff Benda Bilili.

Matajiri nao wana maumbo yao ya ajabu. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la umeme mfano wa herufi V. Mbona hilo haliitwi mchezo wa watoto? Twadhani wengi wetu hutazama bei kabla ya kusikiliza.

Hata hivyo kilema kipo, wala tusikifiche. Shingo ya ubao mbichi hupinda, nyuzi hulegea katikati ya wimbo, na waimbaji hawajui wamfuate nani. Gitaa la hivyo lisipigwe ibadani, liwe la debe au la dukani. Bali mzee wa kanisa asimfukuze kijana. Amtafutie ubao uliokauka, kisha ampe Jumamosi nzima ajaribiwe pamoja na kwaya. Akipatana nao, Jumapili na aketi kati yao, na debe lake lenye maandishi ya mwuza mafuta.