Kuomba Sadaka katika Usharika wa Lugha Mbili



Liko swali linaloulizwa katika mabaraza ya wazee upande wa Bulwa na Amani, nalo laonekana dogo: matangazo ya michango yasomwe kwa lugha gani? Wengine husema Kiswahili chatosha, maana siku hizi kila mtu akijua. Wengine husema hapa ni Usambara, Kishambala kwanza. Mimi naona chini ya swali hilo limelala jingine lililo zito zaidi: je, ni haki kumwomba mtu fedha kwa lugha ambayo hawezi kukukatalia?

Maana kusikia lugha si sawa na kujibu kwa lugha hiyo. Mtazameni mama mzee aliyelelewa kwa Kishambala. Kiswahili akisikia, na ndizi zake na iliki yake auza kwa hicho hicho. Lakini mzee wa kanisa akisimama mbele ya watu wote na kusema kwa Kiswahili cha vitabu kwamba kila nyumba imekadiriwa kiasi fulani kwa ajili ya mabati, mama huyu atasema, "Ndiyo, baba." Kwa Kishambala angaliuliza: Mabati mangapi? Fedha za mwaka jana zilinunua nini? Na kama nguruwe wamekula mihogo yangu, je? Maneno hayo yote anayo, ila hayamo katika Kiswahili chake. Basi "ndiyo" yake si kutoa, bali ni kunyamaza. Naye mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya mchango, hakutaka fedha iliyotoka kwa kusukumwa. Alitaka ile ambayo mtu ameikusudia mwenyewe moyoni.

Wala tusidhani ya kuwa lawama ni ya Kiswahili peke yake. Katika mashamba ya chai wako Wakristo wenzetu ambao wao wenyewe, au wazazi wao, walitoka nyanda za kusini na mahali pengine pa mbali. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Siku ya mavuno mnada unapofanywa uani mwa kanisa, kuku na mikungu ya ndizi huuzwa kwa mizaha ya Kishambala. Watu wacheka, bei yapanda, naye mchuma chai amesimama hajui kama wamcheka kuku au wamcheka yeye. Hutoa shilingi zake upesi apate kuondoka. Tena mifuko yao si sawa: mmoja hupata mshahara wa mwezi, mwenzake hungoja mpaka iliki ikauke. Ukiomba kila mwezi wamlemea mkulima. Ukiomba wakati wa mavuno tu wamsahau mchuma chai. Hivyo lugha na mfuko hutembea pamoja, na usharika hugawanyika pasipo mtu kukusudia.

Jambo hili si geni. Someni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Manung'uniko ya kwanza ya usharika wa Yerusalemu yalikuwa ya lugha na ya mgawo: wajane wa wale waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Nami napenda kuwaonyesha jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Wale saba waliochaguliwa, tangu Stefano na Filipo mpaka Nikolao wa Antiokia, wote majina yao ni ya Kiyunani. Huenda usharika uliwatia katika kazi ya mgawo watu wa upande ule ule ulionung'unika. Ni wazee wangapi wa kwetu wangethubutu kufanya hivyo?

Lakini lugha peke yake haitoshi, na hapo historia ya kanisa letu yatufundisha. Hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 ziliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Wauzaji wa vyeti vya msamaha, kama Johann Tetzel, wao walisema na watu kwa Kijerumani. Kumbe aliyeomba fedha ndiye aliyetumia lugha ya watu! Waliambiwa ya kuwa fedha ni za kujenga kanisa la Petro Mtakatifu kule Roma. Hawakuambiwa ya kuwa nusu ilikwenda kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa nyumba ya fedha ya Fugger. Mwaka 1518 Luther aliandika kwa Kijerumani mahubiri mafupi juu ya neno hilo, yakapigwa chapa mara nyingi, na watu wa kawaida wakapata la kujibu.

Kwa hiyo kama tunaomba kwa Kishambala na hesabu zimelala katika daftari la Kiswahili, hatujafanya kitu. Nimeona neno moja katika ibada nyingi: mahubiri hufasiriwa sentensi kwa sentensi, lakini zikifika hesabu, mkalimani husema tu, "Fedha zimetumika vizuri." Mbona hapo ndipo anapochoka? Agano Jipya kwa Kishambala lilipigwa chapa mwaka 1908, na Biblia nzima ya Kiswahili iliyofasiriwa na Karl Roehl mwaka 1937. Neno la Mungu lilipewa lugha zote mbili. Daftari la mhazini lisipewe?

Najua yatakayosemwa. Ibada itakuwa ndefu. Watu wakipewa nafasi ya kuuliza, wengine watakataa, na kanisa litakaa bila bati mwaka mwingine. Yawezekana. Mimi naona mwaka mmoja wa mvua ni bei ndogo. Wengine husema vijana wa Bulwa wasema Kiswahili hata nyumbani, basi tungoje tu, shida itakwisha yenyewe. Watakaokwisha ni akina mama wazee, nao Jumapili ijayo watakuja na sadaka zao.

Walimu waliokwisha kujaribu kusoma hesabu kwa lugha zote mbili na wamwandikie mhariri, waseme ibada ilirefuka kwa dakika ngapi, na ni maswali gani yaliyoulizwa.