Dumu la Nani Mbele?

Katika somo la algorithimu na miundo data, foleni hufundishwa kwa dakika chache. Aliyetangulia kuingia hutangulia kutoka, basi. Mhadhiri anakimbilia miti na grafu, ambako ndiko mtihani hutoka. Mimi nakaa Mtoni, na yeyote aliyechota maji Temeke wakati wa mgao, kama ule wa Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, anajua kuwa foleni ndiyo sura ngumu kuliko zote kitabuni.

Bombani kwetu watu hawajipangi. Hupangwa madumu. Mwenye dumu yuko nyumbani kabandika maharage, na dumu lake la lita 20 linamshikia nafasi. Kwenye kompyuta tungeliita kielekezi: kitu kidogo kinachoonyesha kitu kikubwa kilipo. Kina mama hawakuhitaji shahada kuvumbua hilo. Ila muuza maji mwenye mkokoteni naye akaona mwanya, akapanga madumu kumi, mtu mmoja akawa watu kumi. Ndipo ikaja sheria ya madumu mawili mawili: ukitaka zaidi, rudi nyuma ya mstari. Mifumo ya kompyuta hugawa muda wa prosesa kwa programu nyingi kwa mtindo huohuo.

Lakini kwa nini aliyewahi awe na haki zaidi? Saa kumi alfajiri anawahi asiye na mtoto mchanga, asiyekuwa lindoni usiku kucha. Tunalijua hilo, ndiyo maana nyumba yenye msiba hupitishwa mbele bila mjadala. Hapo tumeshaiacha foleni ya kawaida, tumeingia foleni ya kipaumbele, ambayo mara nyingi hujengwa kwa lundo, muundo alioueleza J. W. J. Williams mwaka 1964. Lundo ni zuri kweli. Ukiwa na watu milioni moja, kumtoa wa kwanza na kuwaweka sawa waliobaki ni kazi ya kushuka ngazi zisizozidi 20, na unaweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba halikosei.

Uthibitisho huo huanza baada ya kila mtu kupewa namba. Nani katoa namba, hesabu haiulizi. TASAF ilipoanza mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012, ilichanganya njia mbili: mkutano wa wanajamii wa kuzitaja kaya maskini, kisha fomula ya kukadiria hali ya kaya kwa vitu vinavyoonekana, kama aina ya nyumba na mali zilizomo. Jirani anajua yasiyoingia kwenye dodoso. Jirani huyohuyo anaweza kuwa na kinyongo na wewe tangu ugomvi wa watoto. Fomula haina kinyongo, wala haina masikio. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua jirani, kwa kuwa naweza kubishana naye hadharani na watu wakasikia. Darasani wananiona mshamba kwa hilo.

Tatizo ni kwamba majirani nao wana kasoro ambayo wataalamu wa kompyuta walishaipa jina: njaa. Kazi yenye kipaumbele kidogo inaweza kupitwa daima, maana kila mara hutokea nyingine yenye haraka zaidi. Dawa yao ni kuuhesabu muda: kadiri kazi inavyosubiri, kipaumbele chake kinapandishwa, hadi zamu yake ifike.

Bombani hakuna anayehesabu. Kuna bibi mmoja mpole. Hupisha mwenye mgonjwa, hupisha mjamzito, hupisha mwanafunzi anayechelewa shule. Kila mmoja ana sababu ya kweli. Kila mmoja anamwambia, "Shikamoo bibi, samahani," naye anaitika, "Marahaba, pita mjukuu wangu." Maji yanapokatika saa tatu, dumu lake bado liko palepale, la tano kutoka bombani, kifuniko hakijafunguliwa.