Gari Tulirudishe Mwaka Gani?

Muulize fundi yeyote wa Nairobi spea za gari kuukuu zinapatikana wapi, atakuambia nenda Grogan. Kibao cha barabarani kinasema Kirinyaga Road, na kimesema hivyo tangu kabla sijazaliwa. Ewart Grogan alikuwa mlowezi ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Tukamtoa kwenye kibao, lakini akabaki mdomoni mwa watu wanaolala chini ya magari wakitafuta oili inavujia wapi. Si kwamba wanamheshimu. Wengi hata hawajui alikuwa mtu. Jina limekuwa njia tu ya kufika kwenye gaskiti.

Ni huko Grogan, tukizunguka na orodha ya spea iliyojaa grisi, ndiko swali hili lilianza kutusumbua. Ukisema unarejesha kitu katika hali yake ya asili, asili hiyo ni ya mwaka gani? Na nani alikupa kazi ya kuchagua?

Kitu chenyewe ni Land Rover ya 1955, ile fupi ya inchi 86. Ni ya nyanyake rafiki yetu mmoja, Shosho wa Murang'a, na ilikuwa imekaa chini ya mwavokado wake kwa miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Tuko watano. Mmoja ni fundi kweli kweli, mmoja anajua umeme, mmoja ana kazi ya maana kwa hivyo ndiye benki yetu, mjukuu mwenyewe, na mimi ambaye kazi yangu ni kushika tochi na kuuliza maswali. Shosho alitukabidhi kwa sharti moja: irudi ikitembea.

Mwanzoni kila mtu alisema neno moja, "asili." Tunairudisha asili. Ukiingia kwenye mambo ya magari ya zamani utalisikia neno hilo hadi uchoke, na linasemwa kwa sauti ya ibada. Kioo cha asili, bolti ya asili, rangi ya asili. Na rangi ya asili ya gari letu tuliipata tulipoupiga msasa mlango wa kushoto. Juu kulikuwa na bluu. Chini yake kijivu. Chini ya kijivu, kijani kizito kinachokaribia weusi, kile ambacho jeshi la Uingereza lilipakia magari yake miaka hiyo. Kwenye dashibodi kulikuwa na alama za tarakimu nyeupe zilizofutwa nusu. Hapo benki yetu akapiga picha, akaituma kwa watu wake, na kabla ya jioni tukawa na mteja. Huyo mteja hukodisha magari ya zamani kwa watu wa filamu na wa picha za harusi. Alitaka gari lirudi jeshini: kijani, tarakimu nyeupe, turubai nyuma. Pesa aliyotaja ingelipa deni letu lote la spea kwa kazi ya wiki moja.

Sasa, gari kama hilo mwaka 1955 halikuwa la kupigia picha za harusi. Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa, wanaume kwa maelfu wakapangwa mistari na kupitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, wewe umeenda. Wengi walipelekwa Manyani. Huko mashambani, zaidi ya watu milioni moja walitolewa makwao na kurundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki. Shosho alikuwa mtoto katika kimojawapo. Anasema watoto walijua mlio wa Land Rover kabla haijaonekana, na walijua nyumba gani imefuatwa kwa jinsi mlio ulivyopunguza mwendo.

Kitanda cha nyuma cha gari letu kina pete mbili za chuma, zimekazwa kwa bolti zinazopenya sakafu hadi kwenye chesisi. Fundi wetu alisema ni za kufungia mizigo. Wa umeme akasema mizigo ya aina gani. Tukanyamaza wote, si unajua ile kimya. Tulipompigia Shosho simu alicheka: "Hapo tulikuwa tunafunga mitungi ya maziwa." Mjukuu akauliza kama guka ndiye aliyeziweka. Akasema, "Hapana, zilikuwepo."

Mumewe alikaa Manyani. Aliporudi alioa, na mwaka 1966 akanunua gari hilo kwenye mnada wa serikali. Nilikuwa nimejitayarishia jibu zuri la kwa nini mtu aliyefungwa angenunua gari la waliomfunga, kitu cha ushindi, cha mtumwa kukalia kiti cha bwana. Shosho alisema, "Ilikuwa bei rahisi." Baadaye, tukiwa tumeshaanza kuzungumzia mambo ya bei ya mbolea, akaongeza kwamba mzee hakuwahi kuketi nyuma. Hata alipougua na ikabidi apelekwe hospitali, walimtandikia godoro huko nyuma alale, akakataa. Aliketi mbele, wima, hadi huko.

Kwa miaka mingi baada ya mnada ule gari lilibeba maziwa, kahawa ya kiwandani, maharusi, majeneza, na wanawake wawili wenye uchungu ambao mmoja hakungoja kufika. Ukilirudisha 1955 unayafuta hayo yote ili kuhifadhi miaka kumi na moja iliyotangulia. Miaka ile ya maziwa inaitwa uchakavu, na miaka ile ya pingu inaitwa asili. Hilo lilinikera, na bado linanikera. Kwa nini siku gari lilipotoka kiwandani iwe na haki kuliko siku mtoto alipozaliwa ndani yake?

Tena hata hiyo siku ya kiwandani, ukiiangalia vizuri, haijatulia. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake huko Anglesey, na ndiyo iliyompa wazo. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikusudiwa mkulima. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na za mwanzo zilipakwa kijani kwa sababu rangi ya ndege za kivita ilikuwa imebaki. Yaani gari la shamba lililozaliwa na gari la vita, likarudishwa vitani, kisha guka akalirudisha shambani. Asili ni ipi hapo?

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini somo moja nililobaki nalo ni lile la meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao, na ubao ukioza wanatoa, wanaweka mpya, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ile ile. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, mtu akiziokota zile mbao zilizotupwa akaunda meli ya pili, ya kweli ni ipi? Kwa jua kali swali la Hobbes si la kufikirika. Hakuna kinachotupwa. Mlango wetu wa kulia uliooza kingo tuliuza kwa kilo, na alumini ya aina hiyo huyeyushwa ikawa sufuria. Huenda kuna mtu Kariobangi anasonga ugali sasa hivi ndani ya gari la mkoloni.

Ila kuna jambo mhadhiri hakuligusa, na sijamsikia mwingine akiligusa. Katika hadithi yenyewe, ile meli iliondoka Athens ikiwa na tanga jeusi, imebeba vijana saba na wasichana saba, kodi ya mfalme wa Crete, wapelekwe kwa mnyama nusu mtu nusu fahali. Theseus akiwa miongoni mwao akamuua mnyama, wakarudi. Kwa hivyo ni meli iliyowabeba wakienda kufa na wakirudi hai. Sisi tumekazana na mbao. Waathene walijua wanahifadhi nini: walihifadhi kurudi. Walichagua nusu ya safari.

Hiyo ndiyo hoja niliyoipeleka kwa wenzangu Jumamosi moja, nikipendekeza tuipake bluu ya guka, maana nayo ni nusu ya kurudi. Nilidhani nimemaliza mjadala. Benki akaweka spana chini.

"Guka wangu alikuwa ngati," akasema. Ngati ni wale askari wa nyumbani waliosimama upande wa serikali. Tunajuana na huyu mtu tangu shule ya msingi na hakuwahi kulisema hilo. "Yeye alipanda mbele ya gari kama hii. Nyinyi mkipaka bluu, mnamsafisha guka wangu pamoja na gari. Mimi sijaomba asafishwe."

Sijapata jibu kamili la hiyo sentensi. Nilikuwa nimeichukulia kijani kuwa rangi ya wakubwa, na kuitoa kuwa heshima kwa waliobebwa. Yeye aliiona kijani kuwa ushahidi. Na ana mfano mzito upande wake: wazee wa Mau Mau waliposhtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipolazimika kukiri, mwaka 2011, kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake Hanslope Park. Nyingine zilichomwa moto kabla bendera haijashuka. Miaka miwili baadaye serikali hiyo ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Faili zingebaki gizani sijui wangelipwa nini. Kupaka rangi juu ya ushahidi ni kazi iliyofanywa tayari na watu wenye uzoefu kuliko sisi. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini kovu nalo ni lazima lionekane ndipo umuulize mtu alikatwa na nini.

Fundi akamuuliza, kwa upole, kama ushahidi huo ungekuwa ushahidi kweli na bibi harusi ameuegemea. Benki akasema historia haijawahi kununua gaskiti. Hilo nalo ni kweli.

Nadhani hapo ndipo kosa la neno "asili" lilipo. Linatufanya tuone kuna chaguo la kiufundi, kama saizi ya bolti, na anayejua zaidi ndiye ashinde. Lakini hakuna mtaalamu wa kukuambia gari lirudi 1955, 1966 au 1984. Mwenye logibuku ana haki ya gari, hana haki ya yote yaliyolipata. Wenye spana tuna haki ndogo zaidi. Waliofungwa kwenye zile pete, kama walikuwepo, ndio wangesema, na hawakuacha nambari ya simu. Kinachobaki ni kuchagua ukijua unachagua, na kumwachia atakayekuja nafasi ya kukukosoa. Rangi mpya kabisa humnyima nafasi hiyo, iwe kijani au bluu.

Kwa muda nikawa upande wa kuacha kila kitu kama kilivyo: rangi tatu zikichungulia, kutu ikitibiwa tu isiendelee, breki na mfumo wa usukani vibadilishwe maana breki hazina historia, zina mtu mbele yake. Majumba ya makumbusho hufanya hivyo. Ni mjukuu aliyenizima. "Unataka nimpelekee shosh mkweche uliobambuka ati ni falsafa? Majirani watasema wajukuu walikula pesa." Akaongeza kwamba rangi iliyochakaa ni urembo wa watu wenye gari lingine. Kama kuna sentensi katika mwaka huo mzima ambayo ningependa kuwa niliisema mimi, ni hiyo.

Basi tumefanya hivi. Nje tumepaka bluu ya guka, mkono mmoja mzito, bila ung'aavu wa maonyesho. Nyuma, ndani ya kitanda, hatujagusa. Kijani kipo, kijivu kipo, bluu ya zamani ipo pale mitungi ilipokuwa haisugui, na pete mbili zipo na bolti zake. Dashibodi tumeisafisha kwa kitambaa tu. Ukiinama kwenye mwanga wa jioni tarakimu zinasomeka. Mteja alikuja, akatazama, akashukuru, akaenda. Deni la spea bado tunalo, na sehemu kubwa ni pesa ya mtu ambaye hakukubaliana nasi. Anasema nje imesafishwa kuliko inavyostahili. Mimi naona anaweza kuwa sahihi. Huja kila Jumamosi bado, na ndiye aliyefungua gia boksi yote mezani na kuipanga kwenye gazeti kwa mpangilio ambao yeye tu anauelewa.

Wiki iliyopita Shosho alipiga simu. Mjukuu akaweka sauti tusikie wote, tukadhani anataka kujua tumefikia wapi na ile rangi.

"Itaweza kubeba nepia kabla ya mvua?"

"Gia ya pili bado, Shosho," akajibu benki kutoka chini ya gari.