Deni la Mwimbaji

Mwizi aliyetubu aujua wajibu wake: sharti arudishe alichoiba. Ng'ombe ana mwenyewe, na fedha ina hesabu. Lakini mtu aliyewafundisha vijana ubaya kwa wimbo mtamu, yeye atarudisha nini, na kwa nani? Swali hili limetujia tulipoyatazama maisha ya mwimbaji na mwandishi wa Marekani, Lawrence Parker, ajulikanaye kwa jina la KRS-One.

Twajua ya kuwa wazazi wengi wakisikia neno hip-hop huziba masikio. Wanazo sababu, wala hatuwalaumu. Hata hivyo nyimbo hizo za kufokafoka hazikuzaliwa katika uovu. Zilianza mwaka 1973 huko Bronx, mjini New York, kijana Kool Herc alipopiga santuri katika karamu ya ndugu yake wa kike. Bronx ya siku zile ilikuwa ya umaskini na ya majumba yaliyoungua moto. Watoto wake walitumia walichokuwa nacho, yaani santuri za wazee wao na ndimi zao.

Parker aliondoka kwao angali kijana, akakaa katika makao ya wasio na nyumba. Huko alikutana na Scott Sterling, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa pia mpiga santuri, wakashirikiana. Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na katika jalada lake wote wawili waonekana na silaha. Mwezi Agosti mwaka uo huo Sterling alikwenda kusuluhisha ugomvi, akapigwa risasi, akafa.

Wako wasemao kwamba aliyecheza na moto hana haki ya kuwaonya wengine. Sisi hatukubali. Ingekuwa lazima mwalimu asiwe na doa, ni nani angebaki darasani? Hata ukurasa huu usingeandikwa. Lakini twaona pia kwamba majuto ya moyoni peke yake hayamfai kijana aliyekwisha kuukariri wimbo.

Parker alilipa kwa fedha ile ile aliyokopea, yaani shairi. Mwaka 1989 yeye na waimbaji wenzake walitoa wimbo wa kuwasihi vijana weusi wasiuane, na mapato yake yakapewa shirika la National Urban League. Baadaye alifundisha katika mihadhara ya vyuo vikuu, na mwaka 2009 akatoa kitabu cha kurasa zaidi ya 800, The Gospel of Hip Hop. Jina hilo, twasema wazi, halitupendezi. Injili ni moja. Lakini mtu hajazi kurasa hizo zote kwa ajili ya mchezo.

Wala asidhani mtu kwamba kulipa kwa shairi ni jambo geni kwetu. Mwana Kupona alipotaka kumwusia binti yake, karibu mwaka 1858, alitunga utenzi, maana neno lenye vina hukaa kichwani hata mwenye kichwa asipotaka. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayotutia hofu. Vina havichagui, hulibeba neno la bunduki kama vinavyolibeba neno la amani.

Tena toba ya Parker haikwenda njia iliyonyoka. Jalada la santuri yake ya mwaka 1988 lamwonyesha dirishani na bunduki, akiiga picha mashuhuri ya Malcolm X, na ndani ya santuri iyo hiyo mna wimbo wa kukomesha ujeuri. Ndivyo wengi wetu tunavyotubu, mkono mmoja ukiwa bado umeshika.

Ng'ombe akirudishwa zizini shauri limekwisha. Wimbo haurudi zizini. Santuri ile ya mwaka 1987 yasikilizwa hata leo, na kijana aisikiaye kwa mara ya kwanza hajui kwamba mmoja wa wale wawili walio jalada moja na silaha aliuawa kabla mwaka haujaisha. Mwimbaji amekwisha kusema lake. Baba na mama walio chumba cha pili wausikia mdundo ukutani. Je, wamewahi kuuliza maneno yake ni yapi?